Kampuni Zinazojipaka Kijani na Serikali Mtandao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitoka Tazara, Dar es Salaam, kuelekea uwanja wa ndege kwa Barabara ya Nyerere, utapita mabango mengi yenye majani ya kijani, matone ya maji na maneno "rafiki wa mazingira". Ukikata kushuka Vingunguti, utafika ambako mitaro inaingia Mto Msimbazi, na wakazi wa kando ya mto watakuonyesha mahali maji yanapobadilika rangi. Maswali yaliyo hapa nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kwenye vikao vya mitaa, kwa wanafunzi wa vyuo, na kwa wenye viwanda wenyewe. Nimeyajibu kama mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza: nilikuwa afisa mazingira wa kiwanda kimoja hapa mjini kabla sijaacha kazi hiyo.

Kampuni kujipaka kijani ni kufanya nini hasa?

Ni kujitangaza kwamba unatunza mazingira kwa kiwango ambacho matendo yako hayakifikii. Si lazima uwe uongo mtupu. Mara nyingi ni ukweli mdogo uliovishwa kanzu kubwa. Kampuni inapanda miti asubuhi moja mbele ya kamera, huku majitaka yake yanatoka mwaka mzima bila kusafishwa. Miti ipo kweli. Udanganyifu uko kwenye kile kilichoachwa nje ya picha.

Jina lake la Kiingereza, "greenwashing", linahusishwa na Jay Westerveld, mwanamazingira wa Marekani, aliyeandika mwaka 1986 kuhusu hoteli zinazomwomba mgeni atumie taulo moja zaidi ya mara moja "kuokoa mazingira", ilhali hoteli yenyewe haina mpango mwingine wowote wa mazingira na inachookoa ni gharama za kufua.

Mfano wa nyumbani: tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na masoko yakajaa mifuko mbadala inayoonekana kama kitambaa. Wengi wanaamini ni kitambaa. Sehemu kubwa ya mifuko ile imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Ina nafuu yake ikiwa mizito na mtu akaitumia mara nyingi, ndiyo maana kukawekwa kiwango cha uzito wa gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Lakini mfuko mwepesi unaochanika siku ya pili, ulioandikwa "rafiki wa mazingira", ni plastiki iliyobadilishiwa nguo.

Serikali mtandao ni tovuti na kulipia vitu kwa simu. Inahusianaje na mambo haya?

Kulipia kwa simu ni mlango tu. Kila mwenye biashara Dar anajua kontroo namba: unaomba huduma, mfumo unakupa namba, unalipa, stakabadhi inarudi. Nyuma ya namba hiyo kuna kumbukumbu yenye tarehe, kiasi na jina la mlipaji, na haikai tena kwenye jalada moja lililo katika kabati la ofisa mmoja. Usajili wa kampuni uko kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni za halmashauri ziko kwenye Tausi, zabuni za umma ziko kwenye NeST tangu 2023, na maombi ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira yanapelekwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, kwa njia ya mtandao. Mamlaka ya Serikali Mtandao ilipewa nguvu ya kisheria na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ili mambo haya yasiende kila moja kivyake.

Sasa fikiria mtu anayejipaka kijani anaishi kwa kitu gani. Anaishi kwa kutegemea kwamba anayesoma bango lake hajui kilichoko kwenye faili lake. Faili likiwa karatasi moja katika jengo moja, pengo hilo ni salama. Likiwa kumbukumbu inayoweza kuulizwa kutoka ofisi nyingine, au na wewe mwenyewe, pengo linaanza kuziba.

Viongozi husema kila siku "mifumo isomane", yaani ibadilishane taarifa. Ikisomana, mwongo anakamatwaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Tuchukue kiwanda cha kufikirika kilichoko Chang'ombe. Kinatangaza mambo matatu: tunatumia nishati ya jua, tunasafisha majitaka yetu yote, na matumizi yetu ya maji yamepungua kwa nusu.

Anza na maji. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ina bili za kiwanda, na kweli zimepungua kwa nusu. Mkaguzi anayeishia hapo atakipa hongera. Lakini Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji ya visima katika bonde hili. Kama mwaka uleule kiwanda kiliomba kibali cha kisima kirefu, maji hayakupungua. Yamehama kutoka bomba la DAWASA kwenda chini ya ardhi. Kumbukumbu mbili, kila moja ni ya kweli ikiwa peke yake, zikiwekwa pamoja zinasema jambo ambalo hakuna aliyetaka lisemwe.

Majitaka: maji yanayoingia kiwandani lazima yatoke, yakiwa ndani ya bidhaa, yakiwa mvuke, au yakiwa majitaka. Kiwanda cha vinywaji na kiwanda cha kutia nguo rangi vina uwiano tofauti, na wahandisi wanaujua. Kama maji yaliyoingia ni mengi na majitaka yaliyoripotiwa ni kiduchu, kuna bomba mahali fulani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali cha kutiririsha majitaka kwenye mto. Kibali hicho kikikutana na bili ya maji, hesabu inajifanya yenyewe. Hata mtambo wa kusafishia majitaka unakula umeme na kemikali. Mtambo unaodaiwa kufanya kazi usiku na mchana lakini haujawahi kununuliwa kemikali kwa miezi sita, haufanyi kazi.

Nishati: paneli ziko juu ya paa, na zinaonekana vizuri kwenye picha. Mita ya TANESCO, shirika la umeme, inajua umeme uliotoka kwenye gridi. Risiti za EFD, mashine za kodi, zinajua dizeli au makaa yaliyonunuliwa. Forodha inajua kilichoagizwa kutoka nje. Hakuna haja ya mpelelezi wa kujificha vichakani.

Kwa hiyo nguvu ya serikali mtandao haiko kwenye kuifanya kampuni ijaze fomu nyingi zaidi. Iko kwenye kuzikutanisha taarifa ambazo kampuni ilizitoa kwa sababu nyingine kabisa, ambako haikuwa na hamu ya kujipamba. Mtu huwa mkweli zaidi anapodai marejesho ya kodi kuliko anapoandika ripoti ya mazingira.

Kuna nchi imejaribu, au haya ni mawazo tu?

China imefika mbali, na ndiko tafiti nyingi za jambo hili zinakofanyika. Kuanzia 2014 viwanda vikubwa vipatavyo 15,000 vilivyo chini ya uangalizi wa serikali vilitakiwa kutoa hadharani vipimo vya moshi na majitaka kwa muda halisi, si mara moja kwa mwaka. Taasisi ya kiraia ya IPE, iliyoanzishwa na Ma Jun mwaka 2006, ilizichukua takwimu hizo na kuziweka kwenye ramani ya simu inayoitwa Blue Map. Mwananchi anafungua, anaona kiwanda cha jirani kiko rangi gani, na kampuni kubwa za ng'ambo zinazonunua kutoka viwanda hivyo zinaona pia. Agizo la mnunuzi linaweza kuuma kuliko faini.

Wachumi wa huko hupima kujipaka kijani kwa njia nyepesi kuieleza: wanachukua alama ya kampuni kwa yale inayotangaza, wanatoa alama ya yale inayotenda, na tofauti ndiyo rangi iliyopakwa. Wanaona pengo hilo likipungua pale serikali ya mtaa inapokuwa imeunganisha mifumo yake, kwa sababu kuficha kunakuwa kugumu, usimamizi unakuwa mkali, na mabenki yanapata taarifa ya kutofautisha mkopaji safi na mchafu.

Indonesia ilianza mapema zaidi, mwaka 1995, kwa mpango wa PROPER, unaovipa viwanda rangi kuanzia walio bora hadi walio wabaya kabisa: dhahabu, kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Rangi tano tu. Waliofanya vizuri walitangazwa kwanza, na waliobaki wakapewa takribani nusu mwaka wajirekebishe kabla ya majina yao kutoka. Wakati ule hapakuwa na simu janja wala kanzidata za kutajika. Napenda kuutaja mpango huu kwa sababu unaonyesha kwamba uwazi ndio uliofanya kazi. Kompyuta inaufanya uwazi uwe wa haraka na wa bei nafuu, basi.

Si watatafuta namna ya kuudanganya mfumo wenyewe?

Watajaribu. Volkswagen ilikiri mwaka 2015 kwamba magari ya dizeli yapatayo milioni 11 yaliwekewa programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye kipimo, ikapunguza moshi kwa muda huo, kisha barabarani ikauachia. Magari hayo yaliuzwa Marekani kama "dizeli safi". Mashine ya maabara haikuona kitu. Aliyeona ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga kipimo chao nyuma ya gari na kulipeleka barabarani.

Na si kampuni pekee. Mwaka 2016 huko Xi'an, China, maofisa wa mazingira wa serikali waliziba kipima hewa kwa pamba ili hewa ya eneo lao ionekane safi. Walihukumiwa mwaka uliofuata.

Ndiyo maana siamini kipimo kimoja, hata kiwe cha gharama gani. Mfumo imara ni ule wenye macho mawili yasiyojuana: kipimo cha kiwanda na kipimo cha chuo kikuu, bili ya DAWASA na kibali cha bonde, ripoti ya ofisi na picha ya mkazi. Kudanganya kimoja ni rahisi. Kuvidanganya vyote kwa wakati mmoja, bila vipishane tarehe wala kiasi, ni kazi ngumu sana.

Je, inawezekana serikali mtandao ikawasaidia wanaojipaka kijani?

Inawezekana, na nimeiona kwa macho yangu. Kiwandani nilikokuwa, kila robo mwaka tulichukua sampuli ya majitaka na kuipeleka maabara. Siku ya kuchukua sampuli niliichagua mimi, na nilielekezwa niichague baada ya usafi mkuu wa mitambo, uzalishaji ukiwa umelala. Majibu yalirudi mazuri kila mara. Zamani majibu hayo yalikaa kwenye jalada. Ulipokuja mfumo wa mtandaoni niliyapakia, nikapata uthibitisho wenye nembo na tarehe, na idara ya masoko ikautia kwenye kipeperushi. Sampuli ni ileile, mchezo ni uleule, ila sasa ulikuwa na sura ya kuaminika kuliko karatasi. Nililala vibaya siku nyingi kwa ajili ya kipeperushi kile.

Hatari iko hapo. Mfumo unaopokea kile kampuni inachojisemea na kurudisha cheti chenye msimbo wa QR unaigeuza ahadi kuwa ushahidi. Anayeskani msimbo anathibitisha kwamba cheti ni halali, hathibitishi kwamba maji ni masafi. Wengi hawaitofautishi, na wauzaji wanajua hivyo. Dawa yake si kuurudisha mchakato kwenye makaratasi. Ni kumnyang'anya mpimwaji mamlaka ya kuchagua siku ya kupimwa: mfumo uchague tarehe bila kumwambia, au kihisi kikae bombani kikisoma saa zote.

Hatifungani za kijani na biashara ya kaboni je?

Hatifungani ya kijani ni mkopo ambao taasisi huchukua kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira. Biashara ya kaboni ni kuuza tani za hewa ukaa zilizopunguzwa au kuzuiwa, kwa mfano kwa kutunza msitu. Hapa fedha ni nyingi, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya Kijani mwaka 2023, na mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ikatoa ya maji yenye thamani ya takribani shilingi bilioni 53, iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tofauti ya hatifungani na bango ni kwamba mtoaji huahidi kwa maandishi fedha zitatumika wapi na huripoti matumizi yake. Mwekezaji mdogo wa Kariakoo anapaswa kuisoma ripoti hiyo. Asiishie kwenye jina.

Kaboni ina tatizo lake la pekee: tani moja inaweza kuuzwa mara mbili, au msitu ambao haukuwa hatarini ukauzwa kama umeokolewa. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Daftari moja la taifa linaloonyesha nani kauza nini na lini ndilo kinga dhidi ya kuuza mara mbili. Kuhusu msitu ambao haukuwa hatarini, daftari halitoshi. Huko unahitaji watu wa kijiji husika waulizwe.

Kampuni zinasema kutoa takwimu ni kuanika siri za biashara.

Kanuni ya kutengeneza bidhaa ni siri ya biashara. Kinachoingia kwenye mto wa watu wote hakiwezi kuwa siri ya mtu mmoja. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kuna mambo ya kulindwa kweli, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini sheria hiyo inamlinda mtu. Bomba la majitaka halina faragha.

Viwanda vidogo vitaumia?

Vitaumia kama tutavidai vihisi vya mamilioni. Mtengeneza sabuni wa Manzese asidaiwe sawa na kiwanda cha saruji. Aanze na rejesta fupi na ukaguzi wa kushtukiza. Na nidhamu hii ina faida kwake pia, kwani leo aliyegharamia mtambo halali anashindana bei na asiyegharamia, na wote wawili wana jani la kijani kwenye lebo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kizuri kinajiuza pale tu mnunuzi anapoweza kukitambua.

Sheria za Ulaya zinatuhusu nini sisi wa Dar?

Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2024 yanaanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026. Yatakataza maneno ya jumla kama "rafiki wa mazingira" bila uthibitisho, na kukataza bidhaa kudaiwa haina athari kwa tabianchi kwa sababu tu muuzaji alinunua kaboni. Mnunuzi wa Ulaya anayechukua kahawa, viungo au nguo kutoka kwetu ataomba ushahidi, na ushahidi unaotoka kwenye mfumo wa serikali unaoaminika utamsaidia msafirishaji wa hapa. Mwenye maneno matupu ataachwa.

Sasa mimi wa Tabata au Vingunguti, nisiye na ofisi, nafanyaje?

Anza na maneno yenyewe. Piga picha bango au lebo, ukiweka tarehe na mahali. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza biashara kupotosha au kulaghai wateja, na anayepokea malalamiko hayo ni Tume ya Ushindani, FCC. Wengi hudhani FCC ni ya bidhaa bandia peke yake. "Salama kwa mazingira" ambalo si kweli nalo ni dai la kupotosha kuhusu sifa ya bidhaa.

Kisha omba kumbukumbu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyoko mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Usiandike "naomba taarifa za uchafuzi". Utajibiwa kwa hotuba. Andika: "Naomba nakala ya kibali cha kutiririsha majitaka cha kampuni fulani, kiwanja namba fulani, na matokeo ya vipimo vya mwaka mzima." Ombi lenye jina la hati ni gumu kulikwepa. Ukikataliwa, una haki ya kuomba mkuu wa taasisi aupitie uamuzi.

Malalamiko ya huduma za taasisi yanaweza kupelekwa kwa e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko, hata kwa simu ya kitochi kupitia *152*00#. Hifadhi namba ya kumbukumbu utakayopewa, maana ndiyo itakayokusaidia siku utakapoambiwa hukuwahi kulalamika.

Na angalia kutoka juu. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupita kila baada ya siku chache na picha zake ni bure kwa kila mtu, zikionyesha vitu vya ukubwa wa mita 10. Hazitakuonyesha bomba, lakini zitakuonyesha kama "msitu wa kampuni" uliopandwa miaka mitatu iliyopita umeota au ni kichaka kilekile. Kijana mmoja wa chuo na kompyuta moja anatosha kuufanyia kazi hiyo mtaa mzima.

Mambo haya fanyeni kwa pamoja, kupitia serikali ya mtaa. Mtu mmoja akilalamika anaitwa mgomvi. Barua yenye muhuri wa mtaa, sahihi za watu 60, na picha za tarehe nane tofauti inaingia kwenye mfumo kama jambo la umma. Kifungu cha 5 cha sheria ya mazingira kinamruhusu mtu kuchukua hatua za kisheria haki ile ya kifungu cha 4 inapovunjwa, na mwanasheria yeyote atakayewasaidia atauliza kwanza tarehe mlizoandika.

Ungepewa jambo moja tu la kuomba, ungeomba nini?

Ukurasa mmoja wa wazi, kwa Kiswahili, unaofunguka kwenye simu ya bei ndogo bila kudai nywila. Mkazi anaandika jina la kiwanda au mtaa wake, na anaona vibali vilivyo hai na vilivyokwisha, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, aliyechukua sampuli, alichokuta, na kama siku ile mitambo ilikuwa inafanya kazi.